Zumreta na Wana Wawili wa Mama Hajrija

Saa tatu asubuhi, Zumreta Mujkanović anavua viatu mlangoni kwa Hajrija Salkić, kijijini Gornje Luke. Hajakaa, kahawa imeshamiminwa.

"Sindano yako iache nje," anasema Hajrija, mwenye miaka themanini na moja. "Umenitoboa mara mbili. Damu iliyobaki haimshibishi hata kiroboto."

"Leo sikuja kutoboa, mama. Nimeleta jibu."

Hajrija anaweka birika chini.

Zumreta, 52, anafanya kazi katika maabara ya vinasaba mjini Tuzla. Kwa miaka kumi na tisa amezunguka vijijini akichukua matone ya damu ya jamaa wa waliopotea vitani, ili yalinganishwe na mifupa inayofukuliwa. Anakadiria ametoboa vidole elfu sita.

Nyumba hii ndiyo iliyomsumbua kuliko zote. Mwaka 1992, Hajrija alipoteza wana wawili kwa siku moja: Ferid na Sulejman. Miaka mitatu iliyopita, mifupa ya mwanamume mmoja ilipatikana msituni. Damu ya Hajrija, na ya mumewe iliyochukuliwa kabla hajafariki, ilithibitisha kuwa huyo ni mtoto wao.

Lakini yupi? Walipishana mwaka mmoja, kimo kimoja.

"Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, damu ya wazazi haiwatenganishi," anaeleza Zumreta. "Ikabidi nimwambie mama wa watu, tumempata mwanao ila hatujui ni nani. Nililia garini."

Hajrija alikataa kuzika. "Niandike nini kaburini? 'Mmojawapo'?"

Ilibaki njia moja. Mtoto hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa baba. Sulejman hakuoa, lakini Ferid aliacha mke mjamzito, Mevla, aliyekimbilia ng'ambo, mjini Linz, na kujifungua binti huko, Elvedina.

Tatizo ni kwamba jina la Mevla lilikuwa halitajwi humu ndani. Wakiwa ukimbizini pamoja, kabla Mevla hajaenda Linz, waligombana, na Hajrija akamwambia mkwewe kuwa mimba ile si ya nyumba hii.

"Nilikuwa na uchungu," anasema sasa, macho sakafuni. "Nikamtemea aliyekuwa karibu."

Zumreta alipiga simu Linz mwenyewe.

"Leo ndo anataka damu ya mwanangu?" Mevla alifoka. "Si alisema ni ya mtu mwingine?"

"Dada yangu, mimi simtetei. Naomba kijiti cha pamba kipite ndani ya shavu, basi."

Elvedina alikuwa akisikiliza. Akamnyang'anya mama yake simu. "Nitatoa. Nataka kujua baba yangu yuko wapi."

Wiki saba zilizofuata, Zumreta hakulala vizuri. "Niliogopa. Majibu yangekuja vingine, ningekuwa nimewavunja wote watatu kwa mkono wangu."

Sasa anafungua bahasha.

"Ni Ferid, mama. Na Elvedina ni binti yake wa damu. Hakuna shaka."

Hajrija anajifunika uso kwa mtandio. Anapoinua kichwa, anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nipigie Linz. Anza wewe, mimi atanikatia."

Mevla anapokea. Hakati.

"Mwanangu," anasema Hajrija, "nilikukosea. Mtoto ni wetu."

Sauti ya Mevla inajibu, imejaa machozi: "Mimi nilikuwa najua, mama. Nilikuwa najua siku zote."

Ferid atazikwa Julai, na mkewe na binti yake wameahidi kuja.

Zumreta amebakiza miaka mitatu kustaafu, na hesabu ya nyumba hii bado haijafungwa kichwani mwake. Lakini anateremka ngazi akitabasamu.

"Mifupa mingine yoyote ikitoka ardhini na kuonyesha kuwa ni mtoto wa mama Hajrija, huyo ni Sulejman. Jina lake tunalo tayari. Nataka nipande mlima huu mara moja tu tena, nimwambie mwenyewe."