Nilivyoacha Kufagia Chini ya Podo

Mdogo wangu, nisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na mbele za watu maneno hunikwama.

Siku ile naikumbuka kwa sauti ya fagio. Kilikuwa kipupwe, mwaka uliofuata Kombe la Dunia la Afrika Kusini, hapa mtaa wa Yeoville. Nilitunza ua wa kanisa letu, nikaufagia kama mama alivyonifundisha: ua wenye majani ni wa mvivu. Chini ya podo, mti wetu pekee, udongo ulibaki mtupu kama sakafu.

Lakini podo ilikuwa inakauka. Mama Furaha, fundi cherehani anayeongoza kamati ya kanisa, alishasema, "Eish, huu umekufa. Jumamosi mtu wa msumeno anakuja kuukata."

Mzee Nestori, Mrundi aliyelinda msitu wa mvua milimani kwao kabla ya vita, alisimama akanitazama.

"Mwanangu, kule kwetu kuna podo zilizomzidi umri babu wa babu yangu. Nani anazifagilia?"

Nikashusha fagio.

"Majani yakianguka ndiyo chakula chake na blanketi lake. Gogo likioza, miche inaota juu yake. Nyuzi nyeupe za kuvu zinaipelekea mizizi maji. Wewe kila asubuhi unamnyang'anya mzee sahani, halafu mnasema amekonda."

Niliona haya. Usafi wangu ndio uliokuwa ukiiua.

Ijumaa nikasimama mbele ya kamati. "Msiukate, nipeni mpaka msimu wa mvua," nikasema.

Mama Furaha akacheka. "Leo bubu kasema! Haya, mpaka mvua. Sharp, tumekubaliana."

Nikarudisha majani, gunia baada ya gunia. Jioni niliimwagia maji ya kusuuzia nguo. Waumini waliniuliza kama nimegeuza kanisa jalala, lakini sikushika fagio. Mvua ya kwanza ikapita bure, na ya pili. Baada ya ya tatu, ncha za matawi zikatoa majani mapya, laini. Mama Furaha akayagusa kwa vidole vyake vya sindano, kisha akampigia simu yule wa msumeno asije tena.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi kabla hujaita kitu takataka, uliza nani anakula hapo. Na ukishajua, sema, hata sauti ikitetemeka. Mungu akufunike mizizi, akupe mvua kwa wakati wake.

Niandikie, hata kwa makosa. Nitakusoma polepole, kama ninavyoandika.