Warusi wa kwenye muvi, na yule mama aliyekaa mlangoni kwa babu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili nimelishuhudia kwa macho yangu hapa Songea, na kama humu yupo mtu wa Matogoro ataniunga mkono.

Babu yangu mzaa mama alisomea udaktari wa mifugo kwa Warusi, enzi za Usovieti. Alirudi na kofia ya manyoya, mtaa ukampa jina: Jasusi. Ng'ombe wao aliwatibu miaka yote, jina likabaki lilelile.

Mimi naandika riwaya, na ya kwanza ni ya kijasusi. Kwa hiyo jioni nilikuwa napeleka laptop kwake tunaangalia muvi za majasusi wa Kirusi.

Kuangalia muvi na babu ni kazi.

"Simamisha hapo. Huyu anataja ile idara ya herufi tatu, na simu aliyoshika ni ya juzi. Idara hiyo ilikufa na Usovieti, kazi zake wakagawana wengine."

Nasimamisha.

"Na mbona wana kofia ndani? Kwa Mrusi huko ni kukosa adabu."

Siku moja nikamuuliza jasusi wa kweli alikuwaje.

Akacheka. Akasema alikuwa mama mnene, kitambaa kichwani, kiti chake mlangoni mwa hosteli. Ukitoka, unakwenda wapi? Unarudi saa ngapi? Kila mwanafunzi alijua majibu yanapelekwa mbele. Na babu alipougua kifua ile baridi ya kwanza, mama huyohuyo alimpandishia supu ya kabichi ngazi zote mpaka akapona.

"Aliniripoti na akanilea," babu alisema. "Kwenye muvi zenu simwoni."

Kisha akanipa kazi. "Nikifa, Kikoti atanicheza. Atakuja na bunduki. Usikubali niondoke na Mrusi wa uongo." Nikamwahidi.

Kwa msiojua, Wangoni na Wahehe ni watani. Msibani mtani anaruhusiwa kumwigiza marehemu, na mfiwa haruhusiwi kununa. Mzee Kikoti, Mhehe, alikuwa mtani wa babu na rafiki yake mkubwa.

Babu alifariki mwaka huu, msimu wa baridi. Asubuhi ya maziko nikamkuta mzee Kikoti nyuma ya nyumba, kofia ya babu kichwani, gunzi kiunoni kama bastola.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuninyima kazi?"

Nikamweleza habari za yule mama. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mjukuu, watu wanataka bastola. Mama wa mlangoni nani atamcheka?"

Nikaondoka nimenyong'onyea. Mtani hakatazwi, na ahadi uliyompa marehemu huwezi kwenda kuiombea muda.

Mzee Kikoti akaingia uwanjani, akanyatia kati ya masufuria, akawapekua wapishi. Watu walicheka, hata padri. Mimi nikainamisha kichwa.

Ikafika saa ya kutoa jeneza. Tukalinyanyua. Mlangoni tukakuta kiti, na juu yake mzee Kikoti, kitenge kichwani, kofia ya manyoya ameipakata.

"Huyu anakwenda wapi?"

Akatukazia macho.

"Nauliza. Anarudi saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imeanza kukatika, na sisi tumesimama na mzigo begani.

Bibi, aliyekuwa nyuma yetu, ndiye akajibu.

"Mpishe, mtani. Leo analala nje."

Mzee Kikoti akainuka, akasogeza kiti, akaiweka kofia juu ya jeneza.

Wakuu, riwaya nimeifumua. Bastola nimezitoa karibu zote, na sura ya kwanza sasa ina mama mlangoni na bakuli la supu. Nimejifunza kwamba anayekuchunguza anaweza pia kuwa ndiye anayekuombea upone, na muvi hazina subira ya kuonyesha yote mawili.

Wenye wazee waliosoma huko, karibuni. Kwao nani alikaa mlangoni?