Safari ya Timau Kutafuta Mahali pa Kiwanda cha Chai

Tulisafiri kwa sababu ya kiwanda ambacho hakikuwepo. Miaka michache baada ya Uhuru, sisi wa upande wa Wamagana, wilaya ya Nyeri, tulikuwa tumepanda chai kila mahali jembe lilipoweza kusimama. Lakini majani tuliyochuma asubuhi yalisafiri mbali mno kabla ya kufika kiwandani, na mara nyingi yalifika yamesinyaa, yakakataliwa na kumwagwa. Serikali ikasema itatujengea kiwanda chetu wenyewe. Tukaimba, tukachinja mbuzi, na kesho yake tukaanza kugombana: kijengwe wapi?

Kwetu ni vigongo viwili, yaani migongo miwili ya vilima, vilivyotenganishwa na mto. Watu wa Ruturu walisema kiwanda ni chao kwa kuwa wao ndio waliotangulia kupanda chai. Watu wa Kahiga walisema ni chao kwa kuwa wao ndio waliomjazia mbunge kura. Mbunge mwenyewe akiwa Ruturu aliwaahidi Ruturu, akivuka daraja aliwaahidi Kahiga, na pande zote mbili alipigiwa makofi. Mkuu wa wilaya ndiye aliyechoka. "Nitakuja Ijumaa," akatuambia. "Nikikuta bado mnabishana, kiwanda kitaenda wilaya nyingine." Kisha akatushauri twende Timau, upande wa Meru, tukaone jinsi wakulima wa ngano walivyokubaliana juu ya ghala lao. Alisikia ni ghala zuri sana. Kuliona, hakuwa ameliona.

Hakuna kigongo kilichokubali kuwakilishwa na kingine, basi wakachaguliwa wazee wawili wa kamati ya chai. Ruturu ikamtoa Mzee Gathogo, mrefu, mwenye koti la vita vya Wazungu na sauti ya kengele ya kanisa. Kahiga ikamtoa Mzee Kabuthia, mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu na ulimi mkali kuliko panga. Mimi Nyawira, mwalimu wa darasa la tatu na karani wa kamati ya chai, nilipelekwa kuandika yote yatakayoonekana. Niliaminiwa kwa sababu nilizaliwa Karatina, na mtu wa Karatina, walisema, hana kigongo.

Jambo moja hawakuniambia: wazee hao walikuwa hawasemezani tangu mvua ya mwaka uliotangulia.

Jumanne asubuhi, stesheni ya Kiganjo. Tulipanda treni ya Nanyuki, nikaketishwa katikati kama ukuta. Hatujafika mbali Mzee Gathogo akanigeukia.

"Mwalimu, ambia huyo mzee atoe fimbo yake kwa miguu yangu."

Mzee Kabuthia alikuwa umbali wa kiwiko kimoja. "Mwalimu, mwambie fimbo ndiyo ilifika hapa kwanza. Miguu yake ndiyo imekuja."

Nikapeleka salamu hizo kulia na kushoto mpaka Naro Moru. Pale mlima ulijitokeza wazi, theluji ikimeta kama sukari iliyomwagika. Mzee Gathogo akasema mlima wa Mungu umeielekea Ruturu, kila mtu anajua. Mzee Kabuthia akaniomba nimuulize mwenzake kama Mungu naye ni mwanakamati. Mama mmoja aliyebeba kuku kwenye kiti cha mbele alicheka hadi kuku wakaamka.

Saa sita tulishuka Nanyuki. Barua tuliyopewa na mkuu wa wilaya ilituelekeza kwa Bwana Abdi, mchuuzi wa ng'ombe aliyekuwa akinunua mifugo kutoka Isiolo na kuileta hadi kwetu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya msikiti. Alitukaribisha kwa chai nzito ya tangawizi na sinia la wali, akatuuliza habari za nyumbani mmoja mmoja, kisha akataka kujua tunakokwenda. Nilipomweleza aliweka kikombe chini.

"Nitawaambia habari ya mnada wetu," alisema. "Zamani ulikuwa karibu na mto. Diwani mmoja akauhamisha, akauweka jirani na duka lake, ati ndiyo maendeleo. Siku ya kwanza tukaswaga ng'ombe mpaka dukani. Wakasimama kidogo, wakanusa upepo, wakageuka wote kurudi mtoni."

"Na diwani?" akauliza Mzee Gathogo.

"Aliwafuata akiwapigia kelele. Lakini ng'ombe hana kura, mzee. Huwezi kumdanganya."

Mzee Kabuthia alicheka. Halafu akakumbuka Mzee Gathogo naye anacheka, akanyamaza.

Jumatano asubuhi Bwana Abdi alitupatia nafasi kwenye lori lililokuwa likienda kuchukua kondoo. Nje ya Nanyuki nchi ilifunguka. Sisi wa Wamagana tumezoea ardhi iliyokunjwa kama nguo mbichi, shamba la mtu likishikwa na mteremko. Hapa ngano ilitandazwa hadi jicho linachoka, na baridi ilitoka mlimani, upande ambao sisi hatukuwa tumewahi kuuona. Mzee Gathogo aliutazama kwa mashaka. Kilele kilikuwa kimekaa vingine kabisa. "Wameugeuza," akasema polepole, na kwa mara ya kwanza hakusema umeelekea wapi.

Timau tulipokelewa na Mama Kananu, mkulima wa ngano na pareto, mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira na kicheko kikubwa. Nilimwambia sisi ni wa vigongo viwili vinavyogombania kiwanda, na tumetumwa kuona ghala.

"Ghala!" akapiga makofi. "Kumbe sifa yetu imefika Nyeri? Kujeni, kujeni muone kitu yetu."

Tulipanda kilima cha mawe kwa muda mrefu. Mzee Kabuthia alishika kiuno mara mbili. Juu kabisa lilisimama ghala: kuta za mawe yaliyochongwa, mabati yanayong'aa, mlango wa kijani wa kuingiza malori mawili kwa pamoja. Kweli lilikuwa zuri. Ndani tulisikia watu wengi wakiimba.

"Hao ni wakulima?" nikauliza, kalamu tayari.

"Hao ni kwaya," akasema Mama Kananu. "Sauti inasikika vizuri sana hapa ndani. Hakuna ngano ya kuizuia."

Akafungua mlango. Wanakwaya walitusalimia bila kukatisha wimbo. Kwenye kona mbuzi wawili walikuwa wakinyonyesha. Mbayuwayu walijenga viota kwenye kila boriti. Ya ngano, hata punje moja ya kumtosha kuku hatukuiona.

"Lakini kwa nini?" Mzee Gathogo akauliza, na sauti yake ikarudi kutoka ukutani mara tatu.

Mama Kananu akaketi kizingitini. "Sisi tulikuwa pande mbili, kama nyinyi. Wa juu walitaka ghala kwao, wa chini walitaka kwao. Siasa ikawa moto, watu hata harusi wakasusiana. Mheshimiwa mmoja akaogopa kupoteza kura za upande huu ama ule. Akachukua ramani, akapima katikati kabisa, akaweka kidole. Kidole kikaanguka juu ya hii kilima. Tukashangilia, kwa sababu hakuna aliyeshinda."

"Na lori?" nikauliza.

"Lori lilijaribu mara moja. Likarudi kinyumenyume mpaka kwa shamba la mchungaji." Hakucheka tena. "Mvua ikaja tukiwa bado tunangoja barabara. Ngano yangu ya mwaka ule iliota ndani ya magunia. Niliangalia majani ya kijani yakitoka kwa gunia, nikalia."

Wazee wangu waligeuka kuitazama njia tuliyopandia. Kabla ya kwenda Timau, kila mtu mwenye busara kwetu alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba kiwanda kiwekwe katikati, pale kwenye mwamba juu ya mto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika pendekezo hilo kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Niliufuta mstari ule tukiteremka.

Alhamisi tulirudi na lori la viazi lililokuwa likienda Nyeri. Mvua ilitukuta tukikaribia Naro Moru, na kwenye kipande kimoja cha tope lori likazama hadi kwenye ekseli. Tukashuka wote kusukuma. Mzee Gathogo alishika upande wa kulia, Mzee Kabuthia wa kushoto, tope likiwarukia hadi kwenye nyusi. Lori halikusogea. Dereva akaenda kukata matawi, na hapo, wameegemea magunia, wamelowa, Mzee Kabuthia alimtazama mwenzake moja kwa moja.

"Barabara yenu ya Ruturu," akasema, "mvua ya Aprili inapitika?"

Nikageuka nipeleke swali. Halikuwa langu.

"Inapitika," akasema Mzee Gathogo. "Chini ni kokoto. Na yenu?"

Mzee Kabuthia alivua kofia, akaikamua maji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Yetu ni kama hii tunayosukuma."

Ijumaa baraza lilijaa hadi watoto wakapanda miti. Mkuu wa wilaya aliketi mezani, mbunge kando yake akitabasamu pande zote mbili. Nilisoma taarifa ya ghala na kwaya, watu wakacheka. Kisha Mzee Kabuthia akasimama. Watu wa Kahiga wakampigia makofi kabla hajafungua mdomo.

"Kiwanda kinataka maji, na mto ni wetu sote," alisema. "Kinataka lori lifike hata siku ya mvua. Barabara hiyo iko Ruturu. Kijengwe Ruturu."

Makofi yalikatika kama kamba. Mtu akapiga kelele, "Umenunuliwa na viazi!" Mke wa mzee mwenyewe alitazama chini. Mzee Kabuthia hakuketi.

Ndipo Mzee Gathogo akanyanyuka. "Kijengwe kwetu, lakini lori likianza kuzunguka asubuhi, lianzie Kahiga, hata kama sisi tutangoja. Na sisi Ruturu tutakuja na majembe tumwage kokoto kwa barabara yao." Akanigeukia. "Mwalimu, andika, na sisi wawili tutie sahihi mbele ya mheshimiwa, asije akavuka daraja akasahau."

Mbunge alicheka kwa sauti kubwa zaidi kuliko wote, kisha akatafuta leso.

Kiwanda kilijengwa. Kokoto zilimwagwa, ingawa kwa kuchelewa na manung'uniko mengi. Katika uchaguzi wa kamati uliofuata, watu wa Kahiga walimwondoa Mzee Kabuthia, wakamweka kijana aliyeahidi kuwaletea kiwanda cha pili. Nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta akichuma chai na mke wake, kikapu mgongoni, haraka haraka.

"Wamekosea, baba," nikamwambia.

"Hapana, mwalimu. Mtu akikunyima kitu, lazima umnyime kitu." Akatikisa kichwa kuelekea barabarani, ambako tulisikia lori likipanda. "Nilichojifunza Timau ni kwamba kiongozi anayeogopa kuchukiwa atakujengea kwaya. Sasa nipishe, majani hayangoji."