Namba Niliyompa Wifi

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka sana, mwanangu, ingawa kila nikiisimulia nachanganyikiwa nani hasa alikosea. Utaniambia nilikuwa bibi wa miaka sitini, ujana gani huo. Sawa. Lakini mbele ya kompyuta nilikuwa mtoto wa jana, na kosa nililofanya lilikuwa la kitoto.

Zamani sisi wa Mlola tulikwenda hospitali na daftari la shule, na mara nyingi lilikuwa moja kwa nyumba nzima. Leo anaandikiwa mtoto, kesho mama mkwe. Daktari akilifungua tunamweleza kwa mdomo, ukurasa huu wa fulani, ule wa fulani. Hakuna aliyeona ubaya.

Basi wifi yangu Marieta akaota jipu pajani. Nikampeleka hospitali ya Lushoto, na wakati huo madaftari yalikuwa hayatakiwi tena. Kila mgonjwa ana namba yake ndani ya kompyuta, na asiye nayo apange foleni ya kuandikishwa. Foleni yenyewe ilifika nje ya mlango. Mimi namba nilikuwa nayo tayari, niliandikishwa safari yangu iliyotangulia. Wifi anagugumia kwa maumivu, nami ni nani hata nimnyime dada wa mume wangu? Nikamwambia, "Ingia na namba yangu. Wakiita jina langu, itika."

Akaitika. Akachomwa sindano ya penisilini, mara midomo ikavimba na mwili ukatoka vipele. Wakamtuliza. Daktari akabonyezabonyeza, akasema, "Mama, dawa hii usichomwe tena maishani. Nimeiandika humu, kila ukija tutaiona." Tulirudi nyumbani tumefurahi. Nilisema moyoni, kumbe mashine hii ni mlinzi.

Mwaka uliofuata homa ya mapafu ikamlaza wifi. Safari hii alikuwa na namba yake, mwanawe alishamwandikisha. Nikakaa naye wodini. Muuguzi, binti wa umri wa mjukuu wangu, akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akauliza, "Bibi, kuna dawa yoyote inayomkataa mgonjwa?" Wifi mwenyewe alikuwa anaweweseka tu.

Mwanangu, nilijua. Hata mdomo niliufungua. Halafu nikaitazama ile kompyuta nikajiambia, si waliiandika humo humo? Mimi wa darasa la nne ndiyo niifundishe kazi? Na nikisema, wataniuliza ilikuwaje, nami niumbuke mbele ya wodi nzima. Sijui mpaka leo ni lipi lililonifunga mdomo zaidi, kuiamini mashine au aibu. Nikajibu, "Angalia humo, mjukuu wangu, ndimo mna kila kitu." Akaangalia. Hamkuwa na neno. Akachoma.

Haukupita muda wifi akashika koo. Uso ukavimba, kifua kikawa kinapiga filimbi. Nikapiga kelele, "Ni ile sindano! Ilimkataa hata mwaka jana, iko kwenye jina langu!" Watu wakanitazama kama niliyepagawa. Wakamdunga dawa nyingine, wakamwekea oksijeni, mimi nikatolewa nje. Nilikaa kwenye benchi nasali Baba Yetu, na maneno niliyoyajua tangu utoto nikawa nayakosea.

Alipona. Yule binti akanifuata kwenye benchi. "Bibi, mimi nilikuuliza," alisema. "Kompyuta haimjui mtu kwa sura. Inajua tulichoiambia." Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya mwenzangu, na kifo kikamwendea yeye.

Wifi alipoweza kuketi nikamwomba radhi kwa Kishambaa, maana Kiswahili kilinipotea. "Namba ulinipa bila kuombwa," akasema. "Neno moja ukaninyima."

Hadi sasa nikipalilia maharage nalitafakari. Mashine ilisoma kilichoandikwa. Muuguzi aliuliza. Mimi nilitenda wema. Sasa nani alitaka kumuua wifi? Sipati jibu. Wala sitakudanganya kwamba madaftari yalikuwa bora, maana yalilowa mvua na kuliwa na panya, na watu walikufa vilevile.

Lakini haya nayajua. Namba yako ya hospitali usimwazime mtu, hata mama mzazi. Simama naye kwenye foleni mpaka apate yake. Ukiulizwa habari za mgonjwa wako, sema yote unayoyajua, hata kama unadhani yameshaandikwa, hata kama yatakuaibisha. Na kama ni wewe utakayevaa sare ya uuguzi, bibi kizee akikujibu "angalia humo", muulize tena. Mimi ningeulizwa mara ya pili, ningesema.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe afya, akujalie umri wa kutuzika sisi wazee wako, sisi tusikuzike wewe.