Uji wa Sehemu ya Tisa

Nianze kwa kusema kwamba hakuna mtu aliyeuawa. Aliyekufa yupo, lakini alikufa hospitali, kwa ugonjwa unaojulikana, miaka mitatu kabla mimi sijashika simu kuandika chochote. Nalisema mapema kwa sababu Bunda wapo watu ambao hadi leo wakiniona wanaguna.

Nina duka la stationari Musoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua, nalamineti vyeti. Kazi hii ina misimu miwili: shule zinapofungua, ambapo hata chooni huendi, na miezi mingine yote, ambapo unaangalia barabara. Katika hiyo miezi ya kuangalia barabara ndipo nilipoanza kutunga. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi vya mapenzi ya kutisha, vile ambavyo msichana anaolewa kwenye jumba kubwa, mume hasemi, chumba kimoja kimefungwa, na mke wa kwanza alikufa kwa namna ambayo hakuna anayetaka kuizungumzia. Navipenda, sijui kwa nini. Mimi ni mtu wa Bukima, kwetu ni samaki na mihogo, na nyumba tuliyokulia ilikuwa na vyumba vitatu na pazia mbili. Mlango wa ndani nimeukuta ukubwani.

Nikajiambia, kwani sisi hatuna vya kutisha? Ukungu hatuna, sawa. Lakini wale inzi wa ziwani wakipanda kutoka majini wanasimama angani kama moshi wa nyumba inayoungua, na pimbi wakianza kulia kwenye mawe jioni, mgeni anaweza kukuomba nauli arudi kwao. Nikafungua kundi kwenye simu. Kila Ijumaa saa kumi natuma sehemu moja. Mwanzoni tulikuwa watu kumi na wanne, na nusu yao ni ndugu zangu ambao wasingeweza kutoka bila kikao cha ukoo.

Shida ilikuwa mume. Sikuwa na mume kwenye hadithi, wala nje ya hadithi. Mume wa hadithi za aina hiyo lazima anyamaze mpaka umwogope kidogo, na wanaume ninaowajua mimi, akinyamaza ujue anatafuna.

Ndipo akaja yeye. Alikuwa mgane, mkulima wa pamba na mfugaji kutoka Bunda, na alileta picha ya marehemu mke wake.

"Dada, naomba unikuzie hii."

"Ukubwa gani?"

"Wa kutosha."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisimama tu mpaka picha ikatoka, akaishika kwa mikono miwili, akasema asante. Wiki iliyofuata akarudi kutoa kopi ya kadi ya kanisa. Wiki nyingine akaja kutoa kopi ya ile kopi. Bunda kuna stationari nyingi tu, mtu hapandi gari kuja Musoma kwa karatasi moja. Nikaelewa, nikamletea stuli.

Nilimpenda. Niseme wazi, maana huko mbele utadhani sikumpenda. Nilikuwa nikisikia gari la Bunda linapiga honi stendi nafuta kioo cha mashine ambacho hakina vumbi. Siku moja, ameketi kwenye stuli hiyo, akanieleza habari ambayo sikumwomba. Mke wake alipolazwa hapa Musoma alishindwa kula chakula chochote. Basi kila siku yeye alipika uji wa ulezi kwake Bunda, akautia kwenye chupa ya chai, akaja nao. Majuma sita.

"Alikuwa anakunywaga nusu kikombe," akasema. "Ananiambia mtamu. Nikija kuonja nakuta sukari nilisahau."

Aliliangalia lile neno sukari kama limekaa mezani. Hajawahi kumwambia mtu mwingine, alisema, kwa sababu ni kitu kidogo.

Mwezi wa tano akanialika kwake nipaone. Geti la kijani, mawe makubwa yamebebana nyuma ya nyumba, ng'ombe, na binti yake wa miaka kumi na mitatu aliyenipokea vizuri sana, akaninawisha mikono, akaniita anti. Nyumba safi. Kwenye korido, mlango wa tatu una kufuli kubwa kama ngumi.

"Humu kuna nini?" nikauliza.

"Vitu vya ndani."

Jamani! Mtu anayesoma vitabu ninavyosoma mimi, ukimwambia vitu vya ndani, unataka afikiri nini? Nilizunguka nje kwa kisingizio cha kuangalia kuku. Dirishani pazia limeacha mwanya, na kwenye mwanya naona kitu cheupe, kimejaa kutoka sakafuni hadi juu, kimya kabisa. Mtoto wa Bunda hata wa darasa la pili angekwambia kile ni nini. Mimi ni wa ziwani. Pamba naijua ikishakuwa shati.

Ijumaa hiyo nikaandika. Geti nililiacha la kijani, kubadilisha rangi niliona uvivu. Mawe nikayaweka nyuma ya nyumba. Kufuli nikaiweka. Mume nikampa "wa kutosha", na kundi likapenda, watu wakawa wanajibizana kwa hilo neno. Dada, unataka chai ya ukubwa gani? Wa kutosha. Kundi likajaa, nikafungua la pili. Mwenyewe alikuwa anatumia kitochi, simu ya kupigia na kumulikia tu, kwa hiyo nikajiona niko salama. Niliona kama nampika mtu ambaye hatakuja mezani.

Mpaka sehemu ya tisa. Hapo ilibidi mke wa kwanza afe, na namna ya kumuua nilikuwa sina. Kisu ni fujo. Kumsukuma kwenye mawe niliona kumezoeleka. Nilikaa nyuma ya mashine karibu saa nzima, na chupa ya chai ilikuwa imekaa kichwani mwangu tayari, imejaa, imefungwa. Nikaichukua. Mume anapika uji kila siku, anaubeba mwenyewe, mkewe anakunywa nusu kikombe, anasema mtamu. Na kwenye uji kuna kitu. Nilituma saa kumi kamili. Watu walipiga kelele kwa sauti za kurekodi, mama mmoja alilia, mwingine akasema mimi si mtu mzuri, akimaanisha kunisifia. Nilifurahi sana. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko zote, kwamba nilifurahi.

Baada ya hapo nikanogewa. Bibi harusi alipaswa kufungua kile chumba sehemu ya kumi. Hakufungua. Sehemu ya kumi na moja mvua ilinyesha. Sehemu ya kumi na tatu yote alitafuta ufunguo, na sehemu ya kumi na nne akaupata, ikaonekana ni wa kabati. Wakati huohuo yule bwana akaniambia kwamba wazee wake watakuja Bukima kwetu kujitambulisha pamba ikishatoka shamba. Nikasema sawa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na mama yangu alikuwa ameacha kuniombea kwa sauti, siku hizo ananiombea kimoyomoyo.

Nisichokijua ni kwamba kwao marehemu, huko Butiama, mdogo wake alikuwa kwenye kundi langu. Na kila Ijumaa alikuwa akisoma kwa sauti, mji mzima unasikiliza, pamoja na mama yao. Na likizo ya mwezi wa sita, sehemu ya tisa ilipotoka, mjukuu, yule binti aliyeniita anti, alikuwa hapo ameenda kumsalimia bibi.

Jumapili moja ya mwezi wa nane nilikuwa Bunda, tumetoka ibadani, nimekaa uani nanyonyoa kuku. Geti likafunguliwa. Akaingia bibi wa Butiama, mama wa marehemu, wanawe wawili wa kiume, na yule mdogo wa marehemu, binti mwenye simu. Mwenye nyumba akatoka mbio na viti. Bibi hakukaa. Mjukuu akaleta maji ya kunywa kwa magoti, bibi hakupokea, na mtu akikataa maji kwenu ujue hayo si mazungumzo tena.

"Mkwe," bibi akasema, "tunaomba kile chumba kifunguliwe."

"Chumba gani, mama?"

"Unakijua."

Akamwonyesha bintiye kwa kidevu, binti akaanza kusoma. Geti la kijani. Mawe. Kufuli. Alisoma vizuri, lazima niseme, anajua kupumzika panapotakiwa. Mimi nina kuku mkononi. Namwangalia yule bwana, anasikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, ameinamisha kichwa, haelewi anahusikaje. Kisha binti akafika kwenye chupa ya chai. Nusu kikombe. Mtamu.

Yule bwana aliinua kichwa akaniangalia mimi. Si bibi, si shemeji zake. Mimi. Maneno yale yalikuwa yamesemwa kwenye masikio mawili tu, yakiwa kwenye stuli yangu.

"Tulijua alikufa hospitali," bibi akasema. "Mimi mwenyewe nilimwosha. Lakini haya maneno yakaniingia. Nikaanza kujiuliza, ule uji nani alikuwa anauonja? Tukasema tusubiri mwisho, tusimwonee mtu. Kila Ijumaa tunasubiri. Huyo mwandishi hataki kumaliza! Mimi ni mzee, nitakufa bado anatafuta ufunguo."

Yule bwana alitoa ufunguo mfukoni mwa shati, akaenda kwenye korido, wote tukamfuata, mimi na kuku wangu. Akafungua.

Ilikuwa pamba. Imejaa chumba kizima, sasa kwa karibu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, na panya walikuwa wametoboa njia zao pembeni.

"Ni ya kwake," akasema. "Alivuna mwenyewe, akachambua mwenyewe, mwezi uleule alioanza kuumwa. Nilishindwa kuipeleka kwenye mizani ikauzwe."

Mmoja wa shemeji zake, ambaye naye ni mkulima, akashika tonge moja akalivuta vidoleni. "Hii ilikuwa daraja la kwanza," akasema. "Misimu mitatu, shemeji? Mtu haweki pamba misimu mitatu." Alikasirika kweli, na nadhani hicho ndicho kitu pekee alichoweza kukikasirikia wakati huo. Bibi naye alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa pamba, akaipekua kutafuta uchafu. Hakuna jani. Akatoa nyingine. Hakuna jani hata moja.

"Nilimfundisha mimi," akasema, akakaa chini ndani ya ile pamba, akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo.

Baadaye alimwomba mkwe wake msamaha, akiwa amemshika mikono yote miwili. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu, ni nani basi anayeandika mambo haya. Nilikuwa naweza kunyamaza. Binti wa simu asingejua, bibi asingejua, na yule bwana, namjua, asingenitaja.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe ndiye admini?" binti wa simu akauliza, na Mungu anisamehe, nilisikia heshima kwenye sauti yake. Bibi aliniangalia kuanzia miguuni. Akasema neno moja la kikwao ambalo sikulielewa na sikuomba tafsiri.

Yule bwana hakusema nami. Alimgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na yale maji ambayo hayakunywewa.

"Na wewe ulikuwa unasikilizaga haya, huko kwa bibi?"

"Ndiyo, baba."

Akataka kuuliza kingine, akaacha. Mtoto akaangalia chini.

Ijumaa nilimaliza hadithi. Bibi harusi akafungua mlango, akakuta pamba, nikaeleza ilikuwa ya nani, na kwamba ule uji ulikuwa uji. Watu walikasirika mno. Pamba? Miezi yote hii, pamba? Mmoja aliandika kwamba nimekosa ubunifu. Walitoka kwenye kundi mmojammoja, hata ndugu, bila kikao. Nikafuta makundi yote mawili.

Yeye alikuja wiki mbili baadaye. Hakuwa na karatasi mkononi. Nilimvutia stuli, akabaki amesimama, na mimi nikaongea yote kwa pamoja: kwamba nimekosa, kwamba nilimwibia, kwamba nitakwenda Butiama kupiga magoti, nitakwenda kanisani kwake kusimama mbele ya watu, atakachosema nitafanya. Nililia, na huwa silii dukani. Kisha nikauliza kama wazee wake bado watakuja Bukima.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Hilo lisikusumbue. Ni maneno tu, na mimi ni mtu mzima."

"Basi?"

Akakaa kimya muda mrefu. Safari hii sikukiona kimya kile kizuri hata kidogo.

"Toka arudi likizo mwezi wa sita," akasema, "mtoto akishakula anaingia chumbani kwake, anafunga komeo. Kila siku nasikia komeo. Uji wangu wa asubuhi akawa hanywi, anasema amechelewa shule. Miezi miwili. Na mimi nikawa najiambia, binti yangu anakua sasa, anataka faragha yake. Hata kanisani nilimwambia mzee mmoja. Nilikuwa nafurahi."