Fisi Aliyepisha Njia

Andongwisye alikuwa mtu wa kuchoka kimya kimya. Kutwa alikaa chini kando ya barabara kuu pale Mpemba, miguu ameinyoosha mbele, akishona maturubai ya malori yaliyokuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Jioni mgongo ulikataa kunyooka mpaka aushike kwa mikono miwili, kama mtu anayenyoosha bati lililokunjika. Madereva walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno. Ukimpa kazi anaitikia kwa kichwa, ukija kuichukua anaitikia kwa kichwa. Kanisani walimfanya mzee wa kanisa, naye akakubali kwa sharti kwamba wasimpe kipaza sauti.

Mtu kama huyo kuingia kwenye filamu hakupangwa na mtu. Ilianza kama kazi nyingine yoyote.

Ombeni, kijana aliyepiga video za harusi na misiba, alikuwa amekata shauri kutengeneza filamu ya kutisha. Alikuwa ameangalia filamu nyingi za ng'ambo za watu wanaogeuka mbwa mwitu mwezi unapopevuka, akaona hata kwetu inawezekana. Shida ni kwamba huku hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya mbwa mwitu. Huku watu wanamwogopa fisi, na fisi wanayemwogopa si yule wa porini. Ni yule anayeamka asubuhi, anavaa koti, anakusalimia vizuri na kukuuliza watoto wameamkaje. Basi filamu ya Ombeni ikawa hiyo: mkulima wa kahawa wa Isansa ambaye mwezi ukijaa anaota manyoya. Akabeba ngozi kuukuu za mbuzi mpaka kwa Andongwisye.

"Mzee, nishonee fisi."

Andongwisye akazigeuzageuza zile ngozi. "Wa ukubwa gani?"

"Wa mtu mzima."

Aliishona kazi ile kwa shazia, sindano ileile nene ya maturubai, na kwa uzi wa nailoni. Madoa aliyachora kwa rangi ya viatu. Meno aliyakata kwenye dumu jeupe la mafuta ya kula, na macho akayatoa kwenye vioo vyekundu vya baiskeli. Kichwa ndicho kilichomsumbua. Kila aliyemwomba akae apimwe alikaa kidogo, akacheka, akaondoka. Mwishowe akakipima kwenye kichwa chake mwenyewe, akashona, akafunga mishono kwa mafundo yasiyofunguka, kama ilivyo desturi ya turubai.

Siku ya kujaribu, aliyeteuliwa kuwa fisi alikuwa Ngolo, mpakiaji mizigo mwenye mabega kama mlango. Kichwa kikamkwama masikioni.

"Mzee, umemshonea mtoto?"

"Nimekishonea kichwa."

"Cha nani?"

"Changu. Ndicho kilichokuwa karibu."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Lakini kufumua kusingewezekana bila kuichana ngozi, na kamera ilikuwa ya kuazima, mwenyewe akiitaka. Ombeni akamtazama Andongwisye kwa macho ya mtu anayezama.

"Basi wewe ndiye fisi, mzee wangu. Fisi haongei, anakimbia tu na kukamata. Nani atakujua?"

Alikataa, akabembelezwa, akakataa tena. Mwisho alikubali kwa sharti moja: jina lake lisitajwe mahali popote, hata Isansa wasijue nani yumo ndani. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Alipokivaa kile kichwa, watu wote walimtazama kwa pamoja, naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakutamani ardhi ipasuke immeze.

Wakaenda Isansa, kwenye mashamba ya kahawa. Usiku wao waliupiga saa saba mchana, jua la utosi, kioo cha bluu kimefungwa mbele ya kamera ili mchana uonekane mbalamwezi. Ndani ya ngozi mlikuwa na joto la tanuri na harufu ya beberu. Andongwisye alikimbia ameinama, mikono ameishikiza kwenye vijiti vifupi ili mbele awe juu na nyuma awe chini kama fisi alivyo. Kila alipofika mwisho wa njia akihema, Ombeni alipiga kelele, "Rudia! Kivuli changu kimeingia!" Alirudia. Jioni alirudi Mpemba hoi, analala na viatu, na asubuhi shazia inamngoja.

Sasa, ipo habari moja ambayo bila kuijua huwezi kumwelewa mtu huyu. Alizaliwa milimani Ileje, na kwa watu wa kwao baba hakutani uso kwa uso na mke wa mwanawe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Hawali sahani moja, hawagusani, jina halitajwi. Vijana wa Tunduma wanacheka mambo hayo. Andongwisye hakucheka, maana mwanawe Barnaba alikuwa na mke wa kwanza, na siku moja mke huyo na mkwewe waligongana kwenye mlango wa jiko, mmoja anatoka, mwingine anaingia kutafuta moto. Halikuwa kosa la mtu. Lakini majirani walisema, ndugu wa mke wakasema, neno likazaa neno, na kabla ya mavuno yule binti akawa amerudi kwao. Ndoa ikafa pale mlangoni.

Tangu hapo Andongwisye aliogopa kitu kimoja tu duniani: kuivunja nyumba ya mwanawe mara ya pili. Barnaba alikuwa ameoa tena, mke anaitwa Sekela, wanalima Isansa upande wa pili wa kilima. Andongwisye alimjua mkamwana huyo kwa mgongo wake, na kwa sauti yake aliposalimia kutoka nyuma ya ukuta. Sura yake hakuwahi kuiona.

Siku ya mwisho ya kazi ilibaki picha moja, ile ambayo filamu nzima iliisubiri: fisi anamkamata mwanamke anayetoka kisimani. Aliyepaswa kukamatwa ni Rozi, lakini Rozi ni mfanyabiashara wa vitenge, na simu yake ilisema yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mteja kambana. Kamera ilitakiwa irudi jioni ileile. Ombeni akazungusha macho kwa watu waliosimama kutazama, akamwona mwanamke kijana mwenye ndoo ya maji kichwani.

"Dada, unaweza kupiga kelele?"

"Kwani kupiga kelele nako kunasomewa?"

Watu wakaangua kicheko. Kule kwenye mibuni, ndani ya kichwa cha fisi, Andongwisye hakucheka. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ile ya nyuma ya ukuta.

Alisimama pale jasho likimwingia machoni. Akisema neno, Sekela ataijua sauti ya mkwewe, na kabla ya jua kuzama Isansa yote itasimulia kwamba mzee wa kanisa amevaa ngozi kumvizia mke wa mwanawe. Akimkamata, amemgusa. Na asipomkamata, jasho la wenzake wote limemwagika bure.

"Haya! Fisi, toka!"

Miguu ikamtoa, kwa kuwa ilishazoea kutii. Sekela alikuwa anakuja, ndoo kichwani, shingo imenyooka. Walipobakiza nafasi ya mkono mmoja, fisi alisimama. Akainua mikono yote miwili, akajifunika uso, akaiacha njia, akaingia katikati ya mibuni, akageuza mgongo.

Sekela, aliyekuwa ameshafumba macho akingoja kukamatwa, alipiga ukelele mkali kwa njia tupu.

"Mkamate!" Ombeni alifoka. "We fisi! Unakwenda wapi?"

"Ameshiba huyo," akasema Ngolo.

Wakarudia. Fisi akaja, akasimama, akajifunika uso, akapisha. Wakarudia tena, ikawa vilevile. Kisha wingu likafunika kilima na mchana wao wa kutengenezea usiku ukaisha. Ombeni alimfuata kwenye mibuni.

"Kwa nini, mzee? Kwa nini leo?"

"Nimechoka," Andongwisye alinong'ona.

Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote.

Filamu ilihukumiwa Jumapili moja baada ya ibada, kwenye banda la video la Gibson pale Mpemba. Gibson ndiye aliyesambaza filamu kwenye mabanda yote ya njia kuu mpaka Vwawa. Akisema ndiyo, umetoka, akisema hapana, kapige harusi. Alikaa benchi la mbele, kofia magotini. Andongwisye aliingia mapema, akachukua pembe ya nyuma kabisa, akijiambia atatazama kidogo kisha atoke. Taa zilipozimwa, Barnaba akaingia, na nyuma yake mwanamke aliyejifunika khanga. Walikaa karibu na mlango. Banda lilikuwa na mlango huo mmoja tu.

Filamu ikaenda. Mwezi ulikuwa sahani ya plastiki, na watu waliicheka waziwazi. Lakini fisi alipochomoza mibunini, madoa yakitembea na macho mekundu yakiwaka, kicheko kilikatika. Akina mama walishikana mikono. Ngolo, aliyekuwa ameliwa mapema kwenye filamu, alipiga kelele kuliko wote.

Kisha ikaja ile njia, na ile ndoo. Fisi akasimama, akajifunika uso, akapisha.

"Ah!" Gibson akasema. "Sasa huyu ni fisi gani?"

"Amekumbuka ameacha chungu jikoni!"

"Ndoo imemtisha!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Ndipo bibi Anyosisye, muuza ndizi aliyetoka Ileje tangu usichana wake, akasimama katikati ya mabenchi.

"Nyamazeni, wasiofunzwa ninyi! Hamwoni? Huyo anampisha mkwewe."

Mtu mmoja gizani akasema taratibu, "Kumbe ni mtu kweli. Hapo ndipo nilipoogopa." Mwingine akasonya. Waliotoka milimani walipiga makofi, wengine wakauliza wanapigia nini.

Taa zilipowashwa, Gibson alivaa kofia. "Ombeni, kazi unaiweza. Lakini mimi siwezi kuwauzia watu fisi mwenye adabu. Nenda karudie mwisho, ndipo tuzungumze."

Ombeni aliinama. Andongwisye hakumsikia vizuri. Alikuwa anatazama mgongo wa Sekela, uliokuwa umekauka kama ubao tangu bibi Anyosisye aseme. Barnaba aligeuka polepole, akazitazama safu zote mpaka pembeni nyuma, akamwona baba yake. Akainuka, akatoka nje.

Watu wakatoka. Sekela hakutoka, alibaki amekitazama kioo kitupu, khanga ameivuta mpaka machoni, akingoja mkwewe apite kwanza. Andongwisye naye aligeukia ukuta, akingoja yeye apite.

"Jamani, nafunga," Gibson akasema. "Mnasubiri sehemu ya pili?"

Andongwisye alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa: mgongo, magoti, na ile hofu aliyoibeba tangu siku ya mlango wa jiko. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa bati la ukuta. Nyuma yake akasikia benchi linalia, kandambili zinatembea, zinasimama mlangoni.

"Kaka," Sekela alimwambia Gibson, kwa sauti ya kusikika banda zima, "mwambie baba nimepita salama. Na nyumbani kwetu ni salama."

"Baba yupi?"

Kandambili zilikwisha kuondoka.

Andongwisye aliacha bati limpoze paji la uso kwanza. Alipogeuka, Ombeni alikuwa amesimama mbele yake, macho mekundu.

"Mzee wangu, naomba unisamehe nikikuomba tena. Jumamosi Rozi yupo, nimemshika mwenyewe. Utakuja?"

Andongwisye alishika mgongo kwa mikono miwili, akajinyoosha kidogo kidogo.

"Nitakuja," alisema. "Ila kwanza muulize Rozi ameolewa na mtoto wa nani."