Bega Lililobaki Shambani

Kazi yetu pale Fordsburg ilikuwa mageti na vyuma vya madirisha. Johannesburg ni jiji la watu wanaojifungia, na sikuwahi kulilaumu kwa hilo, maana lilinilisha. Karakana ilikuwa uani, nyuma ya duka la vitambaa, na tulikuwa nayo mimi na fundi mwenzangu, Mrundi, mtu mpole mwenye bega la kushoto lililolala kuliko la kulia. Aliumia utotoni, wakati wa vita vya kwao, na hakupenda kueleza zaidi ya hapo. Mimi ni mtu wa Tanga, siwezi kukaa na mtu siku nzima nisimtanie, kwa hiyo nilimwambia bega lile limechoka kubeba uvivu wake. Alicheka kila mara, hata utani ulipokuwa umeshachacha.

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia alikuja mzee mmoja Mzungu mwenye shamba nje ya jiji. Alikuwa amefungua kiwanja cha watu kujifunza kulenga shabaha kwa bunduki. Alitaka shabaha za chuma, zile zinazolia risasi ikizipata, ili mpigaji ajue bila kwenda kutazama. Za dukani zilimshinda bei. Akauliza kama tunaweza kumtengenezea za gharama ndogo, pamoja na vigoda vya kuzisimamishia, nami nikakubali kabla hajamaliza kusema. Ndivyo nilivyo, nakubali kwanza, kufikiri baadaye.

Chuma cha kawaida hakifai kwa kazi hiyo. Risasi hukichimba, na risasi nyingine ikiingia kwenye shimo lile vipande vyake vinaweza kumrudia aliyepiga. Tulikwenda kwenye yadi ya vyuma chakavu tukachagua mabamba yaliyong'olewa kwenye malori ya migodini, yale yanayokaa chini ya mawe miaka nenda miaka rudi. Mwenzangu aliyagonga kwa nyundo na kusikiliza. Lililolia kwa muda mrefu tulilichukua, lililojibu kibubu tuliliacha. Tuliyakata kwa grenda huku tukiyamwagia maji, kwa sababu chuma kile kikipata moto mwingi ugumu wake wote unaondoka. Miguu ya vigoda tuliitoa kwenye mabaki ya mageti, na juu yake tukalaza boriti ya mbao, kwani boriti ikivunjwa na risasi unaweka nyingine. Bamba lilining'inia kwa minyororo, limeinama mbele kidogo, ili vipande vya risasi viangukie chini.

Miduara ilikuwa rahisi, tuliichora kwa mfuniko wa sufuria ya pilau. Lakini mzee alitaka pia bamba moja lenye umbo la mtu, kichwa mpaka kiunoni, na mchoro hakutupa. Sisi mafundi wa uani hatupimi kwa karatasi. Tunapima kwa kitu chenyewe: geti kwa ukuta wake, kitanda kwa mwenye kulala. Mwenzangu akatandika boksi la friji sakafuni, akalala chali juu yake, akaninyooshea chaki.

Nilisita. Kwetu mtu hupimwa amelala siku moja tu, pale wanapokata kijiti cha urefu wake na kwenda nacho kuchimba kaburi. Kumpima hivyo mzima anayepumua ni kuyaita mauti kabla ya siku yake. Nilimwambia ainuke. Yeye Mkristo, mambo hayo kwao hayapo, akanicheka pale pale chini.

"Pima tu, ndugu yangu," akasema. "Mimi nilishalala pabaya kuliko hapa."

Nikapima. Chaki ikazunguka kichwa, ikapita shingoni, ikashuka kwenye bega la kulia. Upande wa kushoto ilishuka zaidi.

Bamba tulilipaka rangi nyeupe, na siku ya kupeleka tukaenda wote wawili kusimamisha vigoda. Mzee akatupa vya kuziba masikio, akachukua bunduki, akaanza na miduara. Ililia vizuri, nami nikajisifu. Kisha akageukia lile umbo. Kutoka pale tuliposimama sikuona bamba. Nilimwona mwenzangu, mweupe, hana uso, amesimama kwenye nyasi kavu na bega moja liko chini. Risasi ikampata kifuani, akalia, akayumba, akarudi mahali pake. Niligeuka kumtazama yule wa kweli. Alikuwa amelishika bega lake kwa mkono wa pili na amefumba macho, na hakuyafumbua mpaka mzee alipoweka bunduki chini.

Njiani nilimtania, hakucheka. Gari lilisimama kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya huku, likaondoka, likasimama kwenye nyingine, naye anatazama magoti yake. Hapo niliogopa, na nilijua ninachokiogopa.

Siku zilizofuata alikuja kazini, lakini nyundo hakuigusa tena. Akichomelea anachomelea sawa sawa, ikifika kugonga ananiachia mimi na kutoka nje. Halafu akaacha kuja kabisa. Nilimfuata Mayfair, mtaa wa jirani, kwenye chumba walichopanga yeye na mkewe, nikamkuta amekaa ameupa ukuta mgongo, amekonda, salamu anaitikia kwa kichwa. Mkewe alinitoa nje. Akanieleza kwamba mumewe halali wala hali, na kwamba kila Jumamosi, siku ambayo watu huenda shambani kulenga, anasema analisikia lile bamba mpaka huku. Alishamwona hivyo mara moja zamani, walipokuwa wametoka tu vitani, na mara ile nusura ampoteze.

"Shemeji, muliacha mutu wangu kule," akasema. "Nenda umulete."

Mtu mwingine angemwambia ni chuma tu. Mimi nilikuwa nimeishika ile chaki.

Nilikwenda kwa mzee. Akasema wateja wanalipenda mno bamba lile, linafanana na mtu hasa, lakini nikimletea jingine zuri kama hilo atalitoa bila neno. Nikarudi karakana nikachora umbo kwa kubuni. Mzee alipoliona akauliza kwa nini nimemletea chupa. Nikafikiri kuchukua lile boksi la mwanzo na kulinyoosha bega kwa chaki. Mke wa mwenzangu akakataa kabisa, akasema hata likinyooshwa ni yeye yule. Ningeweza pia kumwita mpita njia yeyote pale Fordsburg, akalala kwa soda moja, akaenda zake asijue alichokiacha. Hilo nalo nililifikiria, na niliona haya.

Basi nikatandika boksi, nikalala mwenyewe. Shemeji ndiye aliyeshika chaki. Sakafu ilikuwa baridi hata juu ya boksi, na chaki ilipopita sikioni nilitamka shahada kimoyomoyo, maana sikujua kingine cha kutamka mtu akiwa katika hali ile.

Mzee aliridhika na bamba langu. Bamba la mwenzangu nikalipeleka Mayfair, nikaliegemeza ukutani mbele yake. Alilipapasa pole pole, kichwa, kifua, mpaka begani. Kifua kilikuwa kimejaa madoa ya risasi, bega halikuguswa. Mkewe alitaka tulifukie. Yeye akasema tukilifukia ndipo litakuwa kaburi kweli. Akalibeba mwenyewe mpaka karakana, akalikata vipande vidogo vya pembe tatu, vile tunavyotia kwenye kona za mageti ili yasilegee, akashika nyundo akaanza kazi. Jioni ile alikula. Vipande vyake viko kwenye milango ya watu Mayfair mpaka leo, vimepakwa rangi nyeusi.

Bamba langu mimi lilibaki kule shambani. Ila Agosti, upepo wa vumbi unapovuma na kutikisa mabati ya uani, kifua kinanibana, na Jumamosi nikisikia chuma kinagongwa mbali huwa najikuta nimesimama katikati ya kazi, nasubiri. Naogopa, sina neno jingine. Mwenzangu hakuuliza. Lakini aliona, kwa sababu asubuhi moja alikuja na boksi la friji kwapani.

"Kesho tunaenda kukuleta weye," akasema.

Nikamuuliza, "Halafu alale nani?"

Aliangalia nje ya geti, kule watu wanakopita kwenda sokoni. Kisha akalikunja boksi, akalisukumiza nyuma ya mashine ya kuchomelea. Kulikuwa na bamba jipya mezani. Akachukua nyundo akaligonga, na tukalisikiliza wote wawili mpaka liliponyamaza.